Siku moja na MODFLOW: modeli ya mazoezi ya Makutupora

Saa 2:00 asubuhi. Chai bado ina moshi, ModelMuse imeshafunguka. Hii ni programu ya bure ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ya kuchorea modeli za maji ya chini ya ardhi. Injini inayopiga hesabu ya jinsi maji hayo yanavyotembea, MODFLOW 6, hupakuliwa peke yake. Mgeni hukwama hapa hapa: anaamuru hesabu ianze, programu inalalamika kwamba haioni mf6.exe. Ielekeze kwenye folda ulikoiweka, yaishe.

Saa 2:30. Koordineti kwanza, michoro baadaye. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, iko zoni 36 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ramani za zamani na mafaili mengi ya visima yanatumia mfumo wa koordineti wa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi kwa kawaida inatoa wa WGS 84. Ukivichanganya, kisima kinahama kama mita 300. Seli zetu, yaani miraba inayoigawa modeli, zina upana wa mita 250, kwa hiyo kisima kimeshahamia kwa jirani, na programu haitasema neno.

Saa 3:30. Gridi ni kilomita 10 kwa 10: seli 1,600 kila tabaka. Tabaka la juu ni mwamba uliooza, la chini ni graniti yenye nyufa. Upande mmoja tunaweka seli 40 ambazo kiwango chake cha maji hakibadiliki. Mvua inayozama ardhini tunaikadiria milimita 20 kwa mwaka (namba ya mazoezi tu).

Vipimo vyetu ni mita na siku, basi 0.02 ÷ 365 = 0.0000548. Kuchagua "days" kwenye menyu hakugeuzi namba zako, ni lebo. Atakayeandika 20 ameimwagia Dodoma mita 20 za maji kila siku! Pampu ya mita za ujazo 50 kwa saa, ikifanya kazi saa 20 kwa siku, huandikwa -1000. Ukisahau alama ya kutoa, kisima kinamimina maji ardhini.

Saa 5:00. Hesabu ya kwanza, nayo inagoma. Mara nyingi chanzo ni tabaka la juu kukauka: seli inazimwa, inaandikwa -1E+30 (alama ya seli kavu), na pampu iliyokuwa ndani yake inanyamaza. Washa Newton (njia ya hesabu isiyozima seli zilizokauka), chagua BICGSTAB (mbinu ya kutatua milinganyo inayoendana nayo) kwenye kikokotozi, na viwango vya maji vya kuanzia viweke karibu na uso wa ardhi, si sifuri.

Saa 6:30 mchana. Kabla ya kula, fungua faili la .lst, ripoti ya hesabu, sehemu ya bajeti ya maji. Tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka isizidi asilimia 1, lakini usiishie hapo. Kilomita za mraba 100 kwa milimita 20 ni kama mita za ujazo 5,479 kwa siku. Faili linaonyesha takribani 5,342. Zile 137 zimekwenda wapi? Ni za seli 40 za kiwango kisichobadilika: MODFLOW haizihesabii mvua. Asiyefanya hesabu hii kwa kalamu hatajua siku atakapokosea kweli.

Saa 8:30. Kulinganisha na vipimo vya visima, na hapa ndipo penye mtego. Zima pampu, endesha modeli, hifadhi viwango. Sasa zidisha mvua inayozama iwe milimita 40, na upitishaji maji wa matabaka yote, wa mlalo na wa wima, uzidishe mara mbili. Endesha tena. Viwango ni vile vile, ilhali maji yanayopita ni maradufu! Grafu nzuri ya viwango peke yake haikwambii bonde lina maji kiasi gani. Tafuta kipimo cha mtiririko, au historia ya kisima kikipampiwa.

Saa 10:00 jioni. Makutupora inayo historia hiyo, tangu miaka ya 1950, nayo inaonyesha kwamba maji hayaongezeki kila mwaka. Huja kwa misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Wastani wa milimita 20 unaficha jambo hilo. Kwa hiyo tunaigawa modeli kwa miezi. Tabaka la juu liwekwe "convertible" (linaloweza kujaa maji au kupungukiwa), la sivyo programu haitatumia ile asilimia 5 ya maji ambayo mwamba uliooza huachia, na kiwango kitaporomoka kupita kiasi mara pampu inapowashwa.

Saa 11:15. Nakala ya folda nzima, tarehe kwenye jina. Kesho modeli inaingia Novemba 1997.