Washa Moja Pungufu

Boliti nane, washa saba, zile pete za chuma zinazokaa chini ya kichwa cha boliti. Nilizihesabu mara ya tatu juu ya gazeti nililokuwa nimelitandaza, na jasho la mgongo likageuka la baridi.

Siku ile nilikuwa namfungulia shemeji kabureta, vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, za jetiski yake, pikipiki ya majini ya zamani, injini ya mipigo miwili yenye silinda mbili na kabureta mbili za kampuni ya Mikuni. Ukivuta moto inakata pumzi, halafu petroli inarudi kwenye kinywa cha kabureta ya nyuma kama mtoto anayecheua. Ugonjwa nilishautangaza kabla hata ya kushika spana: kiwambo kimekakamaa. Kabureta hizi hazina bakuli wala boya kama za pikipiki, maana chombo chenyewe hupinduka. Mafuta hudhibitiwa na kiwambo cha mpira, na mpira huo chombo kikikaa muda mrefu bila kazi hukauka. Niliyasema hayo kwa sauti ya daktari bingwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Tulitoa kiti, tukaacha mvuke wa petroli utoke kwanza, nikachomoa betri, nikafungua kizuia moto kinachofunika vinywa vya kabureta. Mipira niliifunga tepu za rangi: wa kuleta mafuta, wa kuyarudisha tangini, na ule mwembamba unaoleta mapigo ya hewa kutoka tumboni mwa injini ili pampu ifanye kazi. Wa kwanza na wa pili hufanana kama mapacha, kwa hiyo tepu si mapambo.

Kazi ni boliti za chini. Mkono unaingia kati ya kabureta na ukuta wa chombo ukiwa umepinda, jicho halifiki, unatafuta kichwa cha boliti kwa ncha ya kidole. Spana inazunguka kidogo tu, inagonga ukuta, unaitoa, unaipachika upya. Na kwa sababu nyuzi zilipakwa gundi ili mtetemo usizilegeze, boliti hailegei hata ukishaivunja nguvu. Inabisha mpaka uzi wa mwisho. Ya mwisho ilinichukua karibu nusu saa. Ilipoachia, kabureta ya nyuma ikasogea, nikasikia "ting".

Kinywa cha manifodi, njia ya kupeleka mchanganyiko wa petroli na hewa kwenye injini, kilikuwa wazi. Kitambaa cha kukiziba kilikuwa begani kwangu.

"Si ulisema hicho cha kuzibia?" shemeji akauliza.

"Wewe mulika tu, shemeji."

Nilipitisha sumaku, nikijua kabisa kwamba washa zile ni za chuma kisichoshika kutu na sumaku haina habari nazo. Mtu akiogopa hufanya mambo. Tukafungua manifodi. Tupu. Nikajipa moyo: mbele yake kuna vali za ndimi, vibamba vyembamba vinavyofunguka injini ikivuta na kujifunga pistoni ikishuka. Kitu kigumu hakipiti hapo.

Nikatoa kizimba cha vali ya nyuma, nikakiinua kwenye mwanga wa tochi. Ulimi mmoja ulikuwa umemeguka pembeni, pengo la ukubwa wa ukucha. Nilikaa chini. Kumbe ndiyo sababu ya kucheua: kila pistoni ikishuka, mchanganyiko ulikuwa unarudi ulikotoka. Nilitakiwa nifurahi, lakini nilikuwa nalitazama lile pengo. Nikachukua washa nyingine kwenye gazeti, nikajaribu kuipitisha. Ilipita kwa shida, lakini ilipita.

Hapo shemeji alinyamaza, na si kawaida yake.

Sikuthubutu kuzungusha injini hata robo. Nilikunja ncha ya waya, nikaipaka grisi nzito, nikaanza kupapasa tumbo la injini kona kwa kona, kila mara naifuta na kuiangalia. Ilitoka na oili nyeusi. Silinda ya nyuma, kisha ya mbele ingawa haikuwa na sababu. Tochi ilianza kufifia, tukabadilisha betri, nikarudia tangu mwanzo. Hakuna washa.

Kiwambo, nilipokuja kukifungua jioni ile, kilikuwa laini kama ncha ya sikio. Sikumwambia shemeji siku hiyo.

Tulifunga ndimi mpya, gasketi mpya na washa mpya, na vitambaa vya kuzibia nilivihesabu vikiingia na vikitoka. Injini iliwaka, haikucheua tena. Lakini mpaka leo, tukiipandisha kwenye trela na pua ikainuka, kuna kitu hujiviringisha chini ya injini, kule mkono usikofika. Shemeji hunigeukia na kusema, "Msikie mwenzako."