Penseli ilipokwama Kaukazi

"Baba, mabara ni mangapi?"

Nikajibu "saba" hata hajamaliza kuuliza, nikachukua na penseli nimchoree mipaka kwenye ramani yetu ya ukutani. Australia, sekunde mbili. Amerika nikazitenganisha pale Panama. Afrika nikaikata Suez (mfereji uliochimbwa na watu na kufunguliwa mwaka 1869, lakini hilo nilinyamaza nalo). Kufika Ulaya, mkono ukaanza kusitasita.

Tulifundishwa kwamba bara ni nchi kavu kubwa iliyozungukwa na bahari. Sasa mashariki mwa Ulaya kuna bahari gani? Kuna Milima ya Ural tu, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Narodnaya, hakifiki hata mita 1,900. Wagiriki wa kale wao waliuweka mpaka kwenye mto Don. Wa Ural tunadaiwa na ofisa mmoja Msweden, Strahlenberg, aliyetekwa vitani na Warusi, akakaa Siberia miaka mingi akiwa mateka, kisha akachapisha kitabu na ramani yake mwaka 1730. Mrusi Tatishchev alidai wazo lilikuwa lake. Wagombane wenyewe.

Haya, nikateremka na Ural, nikaushika mto wenye jina hilohilo hadi Bahari ya Kaspi. Hapo penseli ikakwama. Kutoka Kaspi kwenda Bahari Nyeusi, wako wanaopitisha mpaka juu ya mgongo wa Milima ya Kaukazi, na wako wanaoupitisha kaskazini zaidi, kwenye bonde la mito Kuma na Manych. Ukiwafuata wa kwanza, mlima mrefu kuliko yote Ulaya ni Elbrus, mita 5,642. Ukiwafuata wa pili, Elbrus inahamia Asia na sifa hiyo inachukuliwa na Mont Blanc. Mlima wenyewe upo palepale.

Nikajaribu kujiokoa na jiolojia: basi tuhesabu mabamba ya gamba la dunia, yale mapande makubwa ya mwamba yanayobeba nchi kavu na bahari! Hali ikawa mbaya zaidi. Ulaya na sehemu kubwa ya Asia zimekaa kwenye bamba moja, huku India na Arabia kila moja ina lake.

"Na Greenland mbona ni kisiwa? Ni kubwa kuliko Australia."

Hilo angalau nililiweza. Ramani yetu inazitanua nchi za karibu na ncha. Kwa kweli Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, Australia milioni 7.7.

"Kwa hiyo kisiwa kikifika ngapi ndiyo kinakuwa bara?"

Nikamwambia muda wa kulala umefika. Ilikuwa saa moja kasoro.