Messerschmitt ya 1944 na ugomvi wangu na rangi ya kijivu

Ukitaka kujua mtu ana subira kiasi gani, mpe modeli ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya mwaka 1944 halafu mwambie aipake rangi. Kuunganisha vipande siyo ishu, kazi yenyewe iko kwenye rangi, na watu wanaoniuliza kwa nini kila siku najenga ndege za Wajerumani tu huwa nawajibu hivyo hivyo. Spitfire ya Mwingereza ina utaratibu wake, rangi mbili juu na moja chini, ukishajua mwaka na ilikuwa inapigania wapi umemaliza. Mustang ya Mmarekani kufikia 1944 nyingi ziliachwa bati wazi zinang'aa tu. Sasa chukua 109 mbili za Mjerumani za miezi ile ile uziweke pamoja, utadhani zimetoka nchi mbili tofauti.

Kwa ambaye hajawahi kushika hivi vitu: unapata boksi, ndani kuna fremu za plastiki zenye vipande vimeng'ang'ania, unakata kimoja kimoja, unapiga msasa pale palipobaki kinundu, unagundisha, unajaza mianya kwa puti, unasugua tena, ndo unaingia kwenye rangi. Skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi, zinazopendwa ni 1/72 na 1/48. Bf 109 G halisi ina mita 9.92 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, kwa hiyo kwenye 1/72 unabaki na kitu cha sentimita 14 hivi na kwenye 1/48 karibu 21. Kuna 1/32 pia ila hiyo inataka kabati lake peke yake. Mi ni wa 1/48, macho yangu na vidole vyangu vimekubaliana hapo.

Sasa ushauri ambao natoa kwa kila mtu na wengi hawausikii: kabla hujashika kisu chagua ndege. Sisemi aina ya ndege, nasema ndege yenyewe, ile moja, yenye namba ubavuni, iliyopigwa picha mahali fulani. Maana ukisema tu "najenga 109" hujasema kitu. Zilitengenezwa zaidi ya 33,000, kuanzia ile ya majaribio iliyoruka mwaka 1935 (ambayo ilifungwa injini ya Rolls-Royce Kestrel, ya Mwingereza huyo huyo waliyekuja kupigana naye, kwa kuwa ya kwao ilikuwa haijawa tayari) mpaka zile za miezi ya mwisho ya 1945, na hapo katikati waliibadilisha badilisha mpaka basi. Kila toleo lilipewa herufi yake: ile E iliyopigana juu ya Uingereza 1940 ina ncha za mabawa zilizokatwa mraba na vijiti viwili vinashikilia mkia kwa chini. F vijiti vimeondoka na ncha zimekuwa duara. G-6 ina vinundu viwili mbele ya kioo cha rubani, kwa sababu bunduki za milimita 7.92 zilitolewa zikawekwa za milimita 13 na hizo hazikuenea chini ya bati. Zile za mwishoni unakuta nyingine zina mkia mrefu wa mbao nyingine mkia mfupi, nyingine kioo cha zamani chenye fremu nyingi, nyingine kioo kipya cha fremu chache, na zote ziko kikosi kimoja! Watengenezaji wa modeli wanalijua hilo ndo maana kwenye boksi moja wanakuwekea mikia miwili na vioo viwili, unabaki na vipande vya akiba vya kutosha. Lakini kama hujachagua ndege yako utajikuta umebandika mkia wa hii kwenye kiwiliwili cha ile, na picha haitakusamehe.

Kuunganisha kwenyewe sitakaa sana. Chumba cha rubani kwenye ndege za kuanzia katikati ya vita ni kijivu kinachokaribia weusi, mikanda ya kiti ifanye vizuri kwa sababu ndo kitu mtu anaona akichungulia, basi. Ila miguu, hapo tuongee kidogo. 109 miguu yake imefungwa kwenye kiwiliwili, haijafungwa kwenye bawa, na hii ilikuwa makusudi ili fundi aweze kutoa bawa zima huku ndege imesimama kwa miguu yake. Raha kwa fundi, ila kwa rubani ni balaa maana matairi yanakuwa karibu karibu na ndege inayumba wakati wa kutua na kuruka, ajali za namna hiyo zilikuwa nyingi sana. Kwenye modeli maana yake ni kwamba miguu inatanuka kwenda nje, na matairi yenyewe yanalala kidogo, hayasimami wima. Ukiigundisha imenyooka kama meza ndege nzima inakufa, unaweza ukawa umepaka rangi ya kuringia lakini mtu akitazama anaona kuna kitu hakiko sawa na hajui ni nini. Focke-Wulf 190, ndege nyingine ya Wajerumani iliyobuniwa na Kurt Tank, ni kinyume chake kabisa, miguu iko mbali kwenye mabawa inakunjwa kuja ndani, na inasimama imeinamia ndani kidogo. Me 262, ndege ya jeti, ndo ina ugomvi wake mwingine, hiyo ina gurudumu la pua, usipojaza uzito wa kutosha puani kabla hujafunga kiwiliwili inakaa kwa mkia kama inaomba dua. Chubwi za kuvulia samaki zinafaa sana kwa hiyo kazi, jaza mpaka uone umezidisha halafu ongeza.

Haya, rangi.

Wizara ya anga ya Ujerumani, RLM, ilikuwa na orodha ya rangi kwa namba. Kwa ndege za kivita za katikati ya vita unashughulika na 74, 75 na 76. 74 ni kijivu chenye ukijani, 75 kijivu chenye uzambarau kwa mbali, 76 ni samawati iliyopauka. Juu ya mabawa 74 na 75 zinapangwa kwa vipande vikubwa vyenye kona, chini kote 76, na ubavuni ndo kuna madoa. Hayo madoa ndo mtihani. Mafundi wa kijerumani walipuliza kwa bomba la rangi, huyu kapuliza mengi, yule kapuliza machache, mwingine kapitisha tu mkono kaenda zake kula, na wewe huku unatakiwa urudie mkono wa mtu usiyemjua kwenye ubavu wa plastiki wenye upana wa vidole viwili.

Piga hesabu ujue unacholenga. Doa la sentimita 30 kwenye ndege halisi ni kama milimita 6 kwenye 1/48, na kingo zake zinatakiwa ziwe na ukungu, zisikatike kama stika. Kwa brashi ya mkono sahau (wapo wanaoweza, nawavulia kofia), unahitaji eabrashi, kile kibomba kidogo cha kupuliza rangi kwa hewa. Rangi naizimua mpaka inakuwa nyepesi kuliko unavyodhani ni salama, presha ya kompresa naishusha chini kabisa hadi rangi inatoka kwa shida, pua ya eabrashi sentimita moja tu kutoka kwenye plastiki, afu nagusa kitufe kidogo mno, kidogo kiasi kwamba mara ya kwanza huoni kitu. Unarudi pale pale tena na tena mpaka doa linaanza kujitokeza lenyewe. Ukiwa na haraka rangi inamwagika inatoa miguu ya buibui, unafuta unaanza upya. Nikishamaliza madoa yote nachukua ile 76, naizimua zaidi, napitisha ukungu mwembamba juu ya kila kitu, na hapo ndo madoa yanaacha kukaa juu ya ndege yanaingia ndani ya ndege. Hiyo hatua ya mwisho watu wengi wanairuka, halafu wanashangaa ndege yao imekuwa chui.

Mpaka hapo ni 1943. Ukifika 1944 mambo yanavurugika, na kuvurugika kwenyewe kuna sababu. Februari ya mwaka huo, kuanzia tarehe 20 hadi 25, Wamarekani na Waingereza walivipiga viwanda vya ndege mfululizo, Regensburg, Augsburg, Leipzig na kwingineko. Wajerumani wakaitawanya kazi. Bawa linatengenezwa huku, mkia kule, kiwiliwili sehemu nyingine, misituni, kwenye mahandaki, halafu vinakutanishwa. Na kila kipande kinaweza kuja tayari kimepakwa rangi kule kilikotoka, kwa kopo lililokuwepo siku hiyo. Ndo unakuta kiwiliwili ni kijivu, mkia umeegemea kijani, kifuniko cha injini kina madoa ya mtu mwingine kabisa, na chini ya bawa wamepaka nusu tu, sehemu nyingine bati liko wazi ili kubana rangi. Na bado huo ndo mwaka zilitoka nyingi kuliko wakati wowote, 109 peke yake zaidi ya 13,000.

Waliotengeneza ni akina nani? Sehemu kubwa ya kazi ya Messerschmitt ilikuwa imehamia kwenye kambi za wafungwa, Flossenbürg, na Gusen kule Austria, ambako walichimbishwa mahandaki ya Bergkristall na humo humo wakawa wanaunda viwiliwili vya Me 262. Maelfu walikufa kwenye kazi hiyo. Vitabu vya modeli vinakwambia "rangi za mwisho wa vita hazilingani kutokana na uzalishaji kutawanywa", sentensi moja safi, wamepita. Mi naona mtu anayetumia jioni nzima kutafuta ile kijani iliyokosea ya mkia anatakiwa ajue ilikosewa wapi na nani alikuwa amesimama pale.

Hilo linanileta kwenye alama ya mkiani, swastika ya Wanazi. Ujerumani sheria ya jinai kifungu cha 86a imepiga marufuku kuionyesha hadharani isipokuwa kwa mambo kama elimu na historia, kwa hiyo karatasi nyingi za stika ama haipo kabisa ama imekatwa vipande uunge mwenyewe. Msimamo wangu: kama ndege kwenye picha inayo, naiweka, kwa sababu kuiondoa kunafanya ionekane ni ndege tu nzuri ya mchezo, na haikuwa hivyo. Ila haikai sebuleni. Usipotaka kabisa mjadala huo kuna njia, jenga 109 E ya Uswisi yenye msalaba mweupe kwenye wekundu, ambayo mwaka 1940 ilikuwa inaangusha ndege za Wajerumani wenyewe waliovuka mpaka. Au tafuta Avia S-199, hiyo ni 109 iliyoendelea kuundwa Czechoslovakia baada ya vita kwa injini ya Jumo 211 ambayo haikuifaa, na mwaka 1948 Israeli changa ndo ikaanza nayo jeshi lake la anga. Watu wasiojua wakiiona na nyota ya Daudi wanadhani umewatania.

Kitu kingine, ndege za magwiji sijengi tena. Kila kampuni inakuwekea stika za rubani Hartmann na ushindi wake 352 au ile 14 ya njano ya rubani Marseille wa kule jangwani, na ukifungua kabati la mtu yeyote wa modeli zimo. Ubaya wake ni kwamba zinafanya vita ionekane ilikuwa ya mabingwa watatu wanne. Kufikia mwisho wa 1944 wengi waliokalia hivi viti walikuwa vijana wenye masaa machache ya mafunzo, wanapaa asubuhi, mchana hawapo. Ndo maana iliyopo mezani kwangu sasa hivi ni G-14 ya mtu ambaye hata jina lake halijabaki, kuna picha moja tu ya nyeusi na nyeupe, imeegemea bawa kwenye majani, propela imepinda.

Stika za maji ziko tayari, vanishi ya kung'aa kwanza ndo stika zilale vizuri, baadaye vanishi ya kufubaza. Moshi wa ekzosi uende nyuma kwa chini ukifuata mstari wa upepo, usipulize tu mchirizi ulionyooka. Na tafadhali, hii ndege ni aluminiamu, kutu ya kahawia kwenye mabawa inatoka wapi jamani? Nimeona modeli zimeshinda mashindano zina kutu kama meli. Rangi ikichubuka kwenye shina la bawa pale fundi anapokanyaga, unaona fedha, siyo kahawia. Waya wa antena navuta kwa kuyeyusha kipande cha ile fremu ya plastiki juu ya mshumaa, ukikivuta taratibu kinakuwa uzi.

Kilichobaki ni chini ya mabawa. Picha haionyeshi, kijivu cha picha hakikwambii chochote hata ukikikodolea. Naacha bati wazi kwenye nusu ya nyuma na mbele napaka 76, na ukingo kati yao naupuliza bila tepu.