Kope za bibi

Wiki hii namuwaza sana bibi yangu wa Kongwa, hasa macho yake. Tulizoea kumkuta kakaa mlangoni na kibano anang'oa kope moja moja kwa kupapasa tu, sisi watoto tukajua ndo uzee, kumbe ni trakoma ile, vikope, kope zimegeukia ndani zinamkwaruza jicho kila akipepesa.

Kinachoniuma ni kwamba kovu lililozigeuza kope hizo limeachwa na kinga ya mwili wake mwenyewe ikipigana. Jicho halijaachwa hivi hivi jamani, machozi yana kingamwili na yana laisozaimu, ile aliyoigundua Alexander Fleming miaka ya 1920, inapasua ganda la bakteria wengi. Ila huyu Chlamydia trachomatis, bakteria anayeleta trakoma, anaingia kuishi ndani ya seli za utando wa kope, huko machozi hayamfikii. Basi chembe nyeupe za damu zinakimbilia hapohapo, zinajazana chini ya utando mpaka ukipindua kope ya juu ya mtoto unaona vipele vyeupe vyeupe kama punje za uwele. Wapimaji wakikuta vitano au zaidi, kila kimoja kuanzia nusu milimita, wanajua trakoma ipo.

Bakteria anaweza kuisha, lakini kinga inayobaki haidumu. Mtoto anarudi kucheza na wenzie wenye tongotongo, inzi wanatua huku wanahamia kule, anaambukizwa tena, anavimba tena, na kila uvimbe unaongeza kovu kidogo, miaka inaenda kovu linavuta ukingo wa kope kuingia ndani, konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakwaruzwa mpaka inaweka ukungu. Na wanawake ndo wanaumia zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndo wanabeba watoto na kulala nao. Chanjo mpaka leo hakuna, ipo dawa ya azithromaisini inayogawiwa kwa kijiji kizima, upasuaji wa kunyoosha kope, na kunawa uso.

Jana nikampigia mama mdogo yuko hukohuko kijijini, nikamwambia mama, wajukuu wanawishwe uso kila siku na wewe nenda ukapinduliwe kope uangaliwe. Akasema mwanangu maji mbali, ndoo ikifika ni ya kupikia. Nikambembeleza, kikombe kimoja tu mama, hicho kinatosha wote watatu.