Sekunde tatu baada ya swali

Kisumu, Jumapili jioni

"Mbona Gredi ya 4 ni dhaifu katika Kiingereza?" Hilo ni lalamiko la ofisi ya walimu, wala mwalimu anayetaka kutafiti darasa lake hawezi kulipima. Linalopimika ni dogo: nikiuliza kisha ninyamaze sekunde 3, watoto wangapi wa madawati ya nyuma watajibu kwa sentensi nzima?

Hizo 3 zina asili. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi akakuta walimu wengi hungoja kama sekunde 1 tu. Walipongoja 3 au zaidi majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakachangia. Sasa mfikirie mtoto ambaye hadi Gredi ya 3 sera ilitaka afundishwe kwa lugha ya eneo lake, halafu ghafla hesabu na sayansi ni Kiingereza. Sekunde moja inaishia kwenye kutafsiri swali.

Kazi yenyewe ni karatasi na kalamu. Chora ramani ya viti. Wiki 2 za kwanza usibadilishe chochote. Mwalimu mwenzako akae nyuma dakika 10, kila jibu achore kijiti, yaani mstari mfupi, kwenye kiti cha aliyejibu katika ramani: kitupu kwa neno moja, kilichozungushiwa duara kwa sentensi. Usihesabu huku unafundisha. Utawaona wanyoosha mikono tu. Hesabu ya siku ya kwanza ya huyo mwenzako itupe, kwa maana watoto hujipamba mbele ya mgeni. Kisha wiki 4 za kungoja, kipindi kilekile, siku zilezile. Ijumaa baada ya chakula cha mchana haishindanishwi na Jumatatu asubuhi.

Kinachoharibu tafiti nyingi ni pupa. Mwalimu anaanza kungoja, papo hapo analeta chati mpya na kuwapanga watoto kwa vikundi. Matokeo yakipanda, nani apewe sifa?

Makosa nayo yaandikwe mbali na vijiti. Kidholuo, lugha ya Waluo, hakina sauti "sh", basi anayesema "fis" badala ya "fish" amekosa sauti, hajakosa maana. (Samaki, na hapa Kisumu!) Anayemwita mama "he" ana sababu: "yeye" ya Kiswahili na "en" ya Kidholuo hazitengi mume na mke. Hilo hufundishwa, haliadhibiwi. Na ile diski ya adhabu, anayovishwa mtoto aliyeponyokwa na lugha ya mama shuleni, iondoke kabla ya utafiti kuanza, la sivyo utakuwa unapima woga.

Vijiti visiposogea baada ya wiki 4, soma maswali yako kabla ya kuwalaumu watoto. "Is the maize dry?" hujibiwa "Yes" hata ungoje sekunde 10. "How do you know the maize is dry?" humlazimu kutafuta kitenzi, na hapo ndipo zile sekunde 3 zinapopata kazi.