Siku moja maishani mwangu: mbwa, bahari na mkia uliolala

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kazi yangu ni mbwa. Siuzi wala sizalishi, mimi natembeza, naosha, na wenyewe wakisafiri nabaki nao nyumbani, na hapa Diani kazi hio haikosi manake nyumba nyingi za ufuoni wenyewe wanakaa miezi miwili mitatu alafu huyoo wamekwenda zao mbwa amebaki. Chai ya rangi, mahamri ya jana, mke wangu ananiambia nanuka mbwa ata kabla sijamgusa mmoja. Natoka.

Saa kumi na mbili na robo

Leo ninao watatu, wawili wa mtaani waliookotwa wakapendwa na shepadi mmoja mzee. Mwezi wa nane huu, kusi bado inavuma, bahari imechafuka. Watu wanadhani kazi yangu ni kupunga upepo, kumbe macho hayatoki mchangani, manake samaki bunju akitupwa na maji ufuoni na mbwa akamla ni kwisha, sumu yake haina dawa. Kuna na ngamia wa kupandisha watalii, na mmoja wa hawa wangu hawapendi ngamia kabisa, sijui walimkosea nini.

Saa mbili kasoro robo

Simu. Mama mmoja wa Nairobi, wamekodi kotej karibu na hapa wiki nzima, na Labrador wao Kahawa namjua manake huja naye likizo. "Kaka njoo, Kahawa amevunjwa mkia!" Hakusema amevunjika, alisema amevunjwa, nikajua huko kuna kesi.

Nafika nakuta baba wa nyumba amemsimamia soja wa geti, sauti juu, anamuuliza ulimpiga na nini usiku, na soja anaapa walahi hajamgusa mbwa wa mtu. Watoto wanalia. Mwenye mkia wake yuko barazani amesimama tu, akijaribu kukaa anashuka nusu anainuka tena.

Nikachuchumaa nyuma yake nikaangalia kwanza bila kugusa. Mkia unatoka mgongoni vizuri, umenyooka kama vidole vinne ivi, alafu unaanguka chini moja kwa moja, umelala. Nikamwita jina, makalio yote yakatingishika, Labrador hajui kujizuia, lakini mkia wenyewe haukuinuka na akatoa kilio kidogo. Pale shinani manyoya yamesimama. Nikapitisha vidole taratibu pingili moja moja kutoka nchani kuja juu, nchani hakuna kitu, katikati hakuna kitu, hakuna kidonda wala mahali palipopinda, ila nilipokaribia shina akaacha kuhema, akafunga mdomo, akageuza kichwa kuniangalia. Mbwa anayehema mdomo wazi akiufunga ghafla jua ndo hapo hapo, toa mkono.

Nikauliza mlifika lini. Juzi usiku, Kahawa ndani ya keji nyuma ya gari toka Nairobi, foleni ya Mariakani, feri ya Likoni, karibu siku nzima amejikunja. Na jana? Jana baharini, watoto wanamrushia mpira tokea asubuhi mpaka jua linazama, alafu akalala barazani ameloa na upepo unampiga. Na kule Nairobi huwa anaogelea? Wapi, anashinda kwenye nyasi tu.

Nikamwambia baba, mzee, muache huyu soja, mbwa wako hajapigwa, mbwa wako ameogelea.

Hakuniamini mara moja, na simlaumu, manake ukiuona mkia ule akili inakwenda kwenye mlango au fimbo. Lakini mbwa akiwa majini mkia ndo usukani wake, anaupinda huku na huku bila kupumzika ajiweke sawa, na misuli ya pale shinani ni midogo, so mbwa asiye na mazoezi ukimpa siku nzima ya mawimbi ile misuli inachoka, inavimba kwa ndani, damu haipiti sawasawa, na jioni utamuona mzima anacheza, tatizo linakuja kuonekana asubuhi yake. Ndo maana watu hawaunganishi. Wengine huuita mkia wa maji baridi, na kweli baridi ni sababu mojawapo, ata kuoshwa kwa maji baridi kunaweza kuleta, lakini bahari yetu ni vuguvugu mwaka mzima na bado nawaona, hasa wageni wa bara wakati wa likizo. Kufungiwa keji safari ndefu peke yake kunatosha pia. Kahawa alivipata vyote kwa mkupuo.

Saa tatu na nusu

Mimi si daktari, so tukaenda Ukunda kwa daktari wa mifugo. Gari la nyumba lilikuwa limekwenda sokoni nikamwita jamaa yangu wa tuktuk, na yule ni mtu wa swala tano, mbwa mkavu anambeba hana neno, aliyeloa hapandi. Haki yake. Ule umajimaji wa mbwa ni najisi, na adhuhuri haiko mbali, ataanza saa ngapi kuosha mara saba na moja iwe kwa mchanga. Kahawa chini ya tumbo alikuwa bado mbichi, tukamkausha kwa mataulo mawili mpaka ukimpapasa mkono hautoki na maji, tukatandika turubai, twende. Na kumkausha kwenyewe ni nusu ya kazi, mbwa akitoka majini mkaushe, hasa kiunoni na shina la mkia, usimwachie upepo ndo umkaushe.

Daktari alimpima joto, akaangalia tezi za mkunduni manake zikiziba mbwa naye huinamisha mkia, akamminya kiuno, akamfinya vidole vya miguu ya nyuma aone kama anavuta. Anavuta vizuri. Akauliza, mkojo unamtoka bila mwenyewe kujua? Choo je? Hapana. Haya maswali ndo ya kushika: mkia umelala na mkojo au choo kinavuja, au miguu ya nyuma inayumba, hio si habari ya kuogelea tena, hapo ni mishipa ya fahamu, unamkimbiza leo leo. Na kama kweli aligongwa na gari au alibanwa na mlango, eksirei haikwepeki. Kwa Kahawa akasema tusubiri, wiki ikipita bila nafuu ndo tupige. Akamdunga meloksikamu, dawa ya maumivu, akatoa na ya kumeza siku chache pamoja na chakula, na mapumziko.

Mama akatoa dawa kwenye mkoba, "daktari, si ningempa tu hii diklofenaki ninayo?" Daktari alimwangalia vile mwalimu wa hesabu anavyoangalia. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinamtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo, na ni kosa naliona sana manake kila nyumba zimo.

Huyu daktari pia anapenda kusomesha watu. Akamweleza mama kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Skotlandi, walichukua Labrador 38 waliowahi kupata shida hii wakawalinganisha na 86 ambao hawakupata, matokeo yakatoka 2016: mbwa wa kazi na waogeleaji walikuwa wengi zaidi kwa waliopata, na wale wanaoishi kaskazini kwenye baridi, na tena waliopata walikuwa na undugu wa karibu zaidi wao kwa wao, kwa hio huenda kuna kitu cha kurithi. Na si wote walikuwa wameogelea. Mama akashtuka, "Kahawa ana dada yake kule Karen, Nairobi!" Daktari akamwambia basi huyo wa Karen msimlete Diani mkamtupia mpira siku nzima.

Saa saba mchana

Wali wa nazi na samaki, dakika kumi za kulala ambazo sikulala manake mama amenitumia kila ushauri aliopewa na familia yake kwenye WhatsApp. Mfunge kijiti mkia unyooke. Mkande na maji ya moto. Mpake ile dawa ya misuli ya wacheza mpira. Uvute kidogo urudi mahali pake! Nikamjibu kwa sauti kabisa kuandika sikuweza: hakuna kilichotoka mahali pake mamangu, usivute, usifunge, na ile dawa ya misuli atailamba. Muacheni alale pakavu, pa laini.

Saa tisa

Kuosha mbwa wawili, kupe, kucha. Maji nayaacha juani kwenye madumu tokea asubuhi yapate moto kidogo. Hakuna la kusimulia, mmoja alinikimbia na povu mpaka kwa jirani.

Saa kumi na moja jioni

Nikapitia kwa Kahawa. Nikamtoa kwa kamba fupi nyuma ya nyumba, si upande wa bahari, manake akiyaona maji tu hasikii. Choo kilimchukua muda, alizunguka zunguka, akainama akaghairi, mwisho akaweza. Kwa siku mbili tatu ni kawaida, kuinua mkia ndo kunakouma. Nikawaambia watoto msimwite kwa shangwe, akifurahi anajaribu kuutikisa anajiumiza, na yule wa kiume akaniuliza kwa hio tumnunie? Nikamwambia mnunieni kidogo.

Wengi wanapona ndani ya siku chache, wengine wiki mbili. Mama wasiwasi wake ni Jumamosi, ndo wanarudi Nairobi. Nikamwambia ile keji iacheni hapa nitawatumia, mlazeni siti ya nyuma kwenye godoro amefungwa mkanda wake, na msimame, Voi, Mtito Andei, Makindu, ashuke ajinyooshe anywe maji. Na likizo ijayo abebe mazoezi kutoka nyumbani, siku ya kwanza baharini dakika kumi na tano atoke, akaushwe, mpira ufichwe, manake Labrador mwenyewe hatakwambia amechoka.

Natoka getini soja akanisimamisha. Baba amempelekea sahani ya biriani na pole nyingi, ameila, lakini ana neno. Anataka wenye kotej waweke kamera barazani. Nikamwambia kaka, si ndo watakuona ukilala? Akasema heri waone nalala kuliko waseme nampiga mbwa.