Dar hadi Mwanza kwa mstari wa angani

Shangazi alikuwa amelazwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na muda wa kuona wagonjwa mchana ni saa sita. Basi lisingenifikisha. Kwa barabara, Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, siku nzima na sehemu ya usiku. Nikakata tiketi ya ndege ya asubuhi: kuondoka saa moja, kufika saa mbili na nusu.

Uwanja wa Julius Nyerere nilikuwa nimeshafika kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana foleni ya ukaguzi haina huruma na mtu mwenye haraka. Kiti changu kilikuwa dirishani, upande wa kushoto. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya baraghashia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Unakwenda kusalimia?”

Nikamweleza habari ya shangazi. Akanipa pole, kisha akaniambia nisisinzie, kuna mlima atanionyesha.

Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivi viwili vimeachana kilomita 850 hivi. Tofauti hiyo kubwa inaletwa na kona ya barabara: gari linakwenda kwanza magharibi mpaka Dodoma, ndipo linapinda kuelekea Singida, Nzega na Shinyanga. Mstari wa angani unaikata kona hiyo, unapita kaskazini kabisa ya Dodoma, juu ya Kiteto na katikati ya Kondoa na Babati. Ndege kubwa ya jeti ikishapanda hukimbia karibu kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo hewani tunakaa saa moja na robo hivi. Dakika nyingine zilizoandikwa kwenye tiketi huishia ardhini, ndege ikijivuta kwenda kuruka na kurudi kuegesha. Ndege ya mapangaboi huchukua muda zaidi.

“Haya, tazama,” mzee alinigusa bega. Hanang ilikuwa imesimama peke yake juu ya mawingu, kilele chake kina zaidi ya mita 3,400, ubavu mmoja umebomoka kama bakuli lililovunjika. “Ukiuona huu, nusu ya safari umeshaiacha nyuma.” Nikakumbuka watu wa Katesh waliofukiwa na tope la mlima huo Desemba 2023, nikanyamaza kidogo.

Baada ya hapo ni tambarare ya rangi ya kahawia, kisha ziwa likajaza dirisha lote. Tulitua saa mbili na dakika ishirini. Bodaboda ikanipitisha Pasiansi na Kirumba, nikanunua uji wa ulezi mjini, nikapanda kilima cha Bugando. Geti lilipofunguliwa saa sita, nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Shangazi alikunywa uji wote.